Majani yako nyuma ya ukuta: kutangaza kazi ya kukata majani kwa pesa kidogo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakujenga Mbezi Beach. Kwenye mitaa ya Dar es Salaam ambako watu wana bustani za kukatwa na pesa ya kumlipa mkataji, kila nyumba imejifungia nyuma ya ukuta wa tofali na geti la chuma. Unaweza kuukata ukoka ukabaki kama zulia la msikitini, na jirani mnayegusana ukuta asijue kama ulifika. Ndiyo maana mashauri mengi ya biashara hii yaliyoandikwa Marekani, ambako bustani inaikodolea macho barabara, hapa yanadunda. Kule nyasi zilizokatwa ndizo bango. Hapa bango lako ni zile mita mbili za nje ya ukuta, mlio wa mashine, na mtu aliyeketi getini.

Tuanze na mpaka, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona. Kazi ya kukata majani haina faida kubwa kwa nyumba moja; faida yake inaliwa na barabara. Chukulia mna mashine moja ya kufyekea ya begani, moja ya kusukuma, reki mbili, mkasi wa michongoma na salfeti za kubebea taka, na bajaji ya kubeba vyote hivyo inachukua shilingi 8,000 kwa safari. Nyumba nne zilizotawanyika Tegeta, Goba, Mikocheni na Kigamboni ni safari tano ukihesabu ya kurudi: 40,000. Nyumba nne za mtaa mmoja ni safari mbili: 16,000. Tofauti ni 24,000 kwa siku moja, na bado hatujahesabu foleni. Kwa hiyo mwaka wa kwanza chagua mitaa miwili au mitatu inayopakana, ile ambayo mnaweza kutoka nyumba hadi nyumba mkisukuma toroli, na msitangaze nje ya hapo hata kwa shilingi moja. Mteja wa mbali akipiga simu mwenyewe, mpe bei yenye usafiri ndani yake. Akikubali, vizuri. Akikataa, hamjapoteza kitu.

Siku ya kazi ndiyo siku ya kutangaza

Mashine ya kufyekea inasikika nyumba kadhaa kila upande. Kwa saa nzima mtaa wote unajua kuna mtu anakatiwa majani, na kila mwenye nyumba aliyeko ndani anayakumbuka ya kwake. Saa hiyo ndiyo ya kutembea mlangoni kwa watu. Ukirudi kesho yake unakuwa mgeni kama wageni wengine wanaogonga mageti.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Mkifika, kabla ya kuingia ndani, mmoja aanze na ukanda wa nje ya ukuta wa mteja: afyeke, apige ukingo kwa mstari ulionyooka pembeni ya mtaro, afagie. Hapo ndipo mpita njia anapoona kazi, na kwa nyumba nyingi ni dakika kumi na tano tu. Usiutoze. Ukanda ukiishia kwenye mpaka wa jirani, vuka mita moja hivi upande wake, kisha acha. Mahali kazi ilipokatikia hapo panasema zaidi ya karatasi yoyote, kwa sababu jirani anaona ya kwake na ya mwenzake kwenye mstari mmoja. Chunga tu usifyeke maua aliyoyapanda mtu nje. Wengi hupanda vinca na michongoma michanga pembeni ya barabara, na ukiikata umejitangaza kwa ubaya.

Bango dogo liwekwe nje ya geti wakati mashine inalia. Kipande cha mbao laini cha sentimita 40 kwa 60 na fundi wa kuchora mabango vinatosha. Maneno yawe matatu na namba: TUNAKATA MAJANI HAPA. Kanuni ya wachora mabango ni kwamba herufi yenye urefu wa sentimita mbili na nusu husomeka vizuri kwa umbali wa kama mita tatu, kwa hiyo mtu aliye kwenye gari mita kumi na mbili kutoka kwako anahitaji tarakimu za sentimita kumi. Wengi hujaza bango kwa jina la kampuni, nembo ya jani na orodha ya huduma kumi na mbili, namba ya simu ikabaki kidogo kama saini. Geuza. Namba iwe kubwa kuliko vyote, na iandikwe kwa makundi ya tarakimu nne, tatu, tatu, ili mtu aishike kichwani mpaka afungue simu. Mkimaliza, bango linaondoka nanyi. Bango la kudumu barabarani ni habari nyingine: linahitaji kibali na lina ushuru, na halmashauri ikiling'oa hurudishiwi mbao.

Wakati mwenzako yuko kwenye mashine, wewe peleka vipeperushi nyumba kumi: mbili kulia, mbili kushoto, tatu zinazotazamana, na tatu za nyuma. Nyumba za nyuma husahaulika kwa kuwa mlango wake uko mtaa mwingine, lakini hizo ndizo zinazosikia mashine vizuri zaidi.

Kipeperushi chenyewe kisikutie kwenye gharama. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande vinne. Karatasi 50 ni vipande 200, na 200 vinakutosha siku ishirini za kazi. Wino mweusi kwenye karatasi ya njano unaonekana kuliko picha ya rangi iliyochapwa hafifu, na bei yake ni ndogo. Andika mnachofanya (kukata majani, kupogoa michongoma, kuondoa taka), mtaa mnaofanyia kazi, bei ya "kuanzia", na namba yenye WhatsApp. Kwa Masaki na Oysterbay upande wa pili uwe Kiingereza, maana wapangaji wengi wa huko ni wageni. Nyuma ya kila kipande weka herufi ndogo ya mtaa kwa kalamu, ili mtu akipiga simu umuombe akusomee na ujue karatasi gani imeleta mkate.

Usivibandike kwenye nguzo za umeme. Huko vinasomwa na abiria wa daladala anayekwenda Kariakoo, tena nguzo si zako. Na usivitupe chini ya geti: upepo ukivipeleka mtaroni, kampuni inayojitangaza kwa usafi imechafua mtaa.

Mlinzi, dada, na kijana wa bustani

Kipeperushi nyuma ya geti kinapokelewa na mtu ambaye si mwenye nyumba. Huyo ndiye anayeamua kama kitafika mezani au kitafungia karanga. Msalimie kama mtu, si kama kitasa. Kama ni mzee, shikamoo kwanza. Kama ni rika lako, habari za lindo. Muulize swali moja tu: "Hapa majani yanakatwa na nani?" Jibu lake ni la thamani kuliko kipeperushi chenyewe, kwa sababu linakuambia umekuta nyumba ya aina gani.

Kama hakuna anayekata, au anakuja mtu wa kubahatisha, acha karatasi na uombe saa ambayo mama au baba mwenye nyumba huwepo. Mwahidi mlinzi shukrani ikiwa kazi itapatikana, na mlipe siku ileile kazi ya kwanza inapolipwa, si kabla. Ukilipa kabla, umenunua ahadi. Kiasi kiwe kilekile kwa kila mlinzi wa mtaa, kwa kuwa usiku wanakaa pamoja na wanaambiana. Na mwenye nyumba akikuuliza kama umempa mlinzi kitu, usifiche. Mwambie hiyo ni asante ya kukuunganisha, imetoka kwenye fungu lako na haijaongezwa kwenye bei yake.

Kama kuna kijana wa bustani anayelala hapohapo (wenyewe humwita shamba boi hata akiwa na wajukuu), kaa chini ufikiri. Biashara nyingi changa zinakufa hapa. Zinamwendea mwenye nyumba na kumwambia kwamba mashine inafanya kwa saa moja kazi ambayo kijana wake anaifanya siku mbili kwa slasha. Ni kweli, na ni kosa. Huyo kijana ndiye anayemwagilia. Ukimtishia ugali wake, wiki ijayo atakata maji kwenye kona mliyoikata fupi, itakauka, na atamwonyesha bosi wake kwa kidole: mashine yao imeunguza majani. Hutashinda kesi hiyo, maana wewe hukuwepo.

Mfanye mshirika. Mwambie mwenye nyumba kwamba mtakuja mara mbili kwa mwezi na mashine, na kijana aendelee na maji, maua na kufagia. Mpe kijana sehemu ya malipo kila mkija, akusanye majani yaliyokatwa wakati ninyi mnakata. Kwake ni kuondokewa na kazi anayoichukia kuliko zote, na kwenu ni mkono wa ziada usiolipiwa nauli. Kuanzia hapo, vijana wa bustani wa mtaa mzima, ambao hukutana dukani jioni, wanakuwa wasambazaji wenu. Hakuna tangazo la redio linalofika pale.

Picha na simu

Picha ya kabla na baada ndiyo silaha kuu ya kazi iliyofichwa ukutani, na karibu kila mtu huipiga vibaya. Kosa la kwanza ni kusimama mahali tofauti, hata mtazamaji asiamini kama ni nyumba ileile. Chagua pa kusimama kabla ya kuanza, weka jiwe chini, simu iwe usawa wa kifua, na fremu iwe na kitu kisichohama: mnazi, kona ya baraza, tangi la maji. Piga ya kwanza mara mnapofika, saa 2 asubuhi. Ya pili ipigwe baada ya kufagia pevingi, kwa sababu macho hukimbilia kwenye uchafu wa pembeni kabla ya kuona majani. Jua liwe mgongoni. Saa 6 mchana mwanga unatoka juu, kijani kinageuka cheupe, na kazi nzuri inaonekana kama uwanja wa mpira wa shule. Futa kioo cha kamera kwa fulana; mikono ya kazi hii ina mafuta ya mashine.

Omba ruhusa ya mwenye nyumba, na picha isionyeshe namba ya gari, watoto, wala sura ya geti. Watu wamejenga ukuta kwa sababu. Ukianika ndani ya ukuta huo kwenye mtandao, mtaa wote utajua kwamba ukiwaajiri hawa unaanikwa.

Programu ya WhatsApp Business ni ya bure na inatosha kwa mwaka mzima. Jaza wasifu: jina, mitaa mnayohudumia, saa za kazi. Kwenye katalogi weka vitu vitatu au vinne tu, kila kimoja na picha na bei ya kuanzia. Weka lebo kwa wateja kwa mtaa, ili mkiwa na kazi Salasala Jumatano, Jumanne umtumie ujumbe kila mtu wa Salasala: kesho tuko mtaani kwenu, kuna nafasi mbili. Jambo moja linalowakwaza wengi ni kwamba ujumbe unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo siku ya kazi ya kwanza, kabla hujaondoka, mpigie mteja simu mbele yake umwambie, "Mama, hiyo ndiyo namba yetu, tuandike Majani." Akikuandika Majani, mwezi ujao jirani akimwomba fundi atakupata kwa herufi mbili.

Vikundi vya WhatsApp vya mtaa, vya jumuiya ndogo ndogo na vya wazazi wa shule vina nguvu, ila usiingie na kumwaga tangazo. Msimamizi atakutoa, na ana haki. Mwombe mteja mmoja aweke picha zenu mwenyewe kwa maneno yake. Na orodha za namba za watu zinazouzwa mitaani ziache kabisa: mbali na kero, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 namba ya mtu si bidhaa ya kuchezea.

Wasifu wa biashara kwenye Google nao ni bure, na unaleta mteja wa aina nyingine: mgeni aliyehamia jana, ofisi, nyumba ya kupangisha kwa siku. Huhitaji duka; unaficha anwani na kutaja maeneo mnayohudumia. Google mara nyingi hutaka video ya kuthibitisha, basi iandae na mashine, bango na vifaa vikionekana kwa mfululizo bila kukata. Kisha omba maoni. Mtumie mteja kiungo saa ileile anapokushukuru, si wiki ijayo, na usimpe punguzo kwa ajili ya maoni, kwani Google inakataza na huyafuta. Maoni kumi ya kweli yanayotaja jina la mtaa yanatosha.

Matangazo ya kulipia mtandaoni? Subirini. Mwenye mashine moja akilipia tangazo la mji mzima atapata simu kutoka Chanika, na tumeshaiona hesabu ya bajaji.

Majani yasiyo na mwenyewe

Kuna soko ambalo wakataji wengi hulipita kila siku: kiwanja kitupu. Mwenyewe yuko Muscat, London au Houston, au yuko Mwanza tu, na majani yamefika kifuani. Majirani wanalalamikia nyoka na vibaka. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa mara nyingi anamjua mwenye kiwanja au ndugu anayekiangalia. Mwendee ofisini, jitambulishe, mwachie namba, umwombe awaunganishe akipata malalamiko. Unachouza hapa si majani mafupi tu, ni ushahidi: video moja fupi kila baada ya kazi, inayotembea mpakani kutoka jiwe la kona hadi jingine, ikionyesha kwamba hakuna aliyejenga kibanda wala kumwaga kifusi. Mtu aliye ughaibuni anaitafuta video hiyo kwa ndugu kwa miezi, na haji kuipata bila kutuma nauli. Kazi hii inakwenda mara tatu au nne kwa mwaka, na malipo ya awali ni lazima.

Madalali wa nyumba nao wawe marafiki. Nyumba inayotafuta mpangaji huku majani yameota kwenye baraza haipendezi kwenye picha, na dalali hapati chake. Mkubaliane asilimia 10 ya kazi ya kwanza, iishie hapo.

Ofisi, shule na zahanati binafsi zitakuuliza TIN (namba ya mlipa kodi) na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) kabla ya kukuuliza bei. Kama huna, usipoteze asubuhi kwenye mapokezi yao. Taasisi za serikali hununua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa kina mlango pale, ingawa malipo yanaweza kuchelewa hadi mashine ikaota kutu. Usiingie bila akiba ya mafuta.

Ofa zinazoua

"Mara ya kwanza bure" inasikika vizuri na ni sumu. Mara ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote: majani ya magotini, mawe yaliyojificha, chupa, waya, taka salfeti nane. Mmetoa bure kazi ya saa nne ili mlipwe kwa kazi ya saa moja, na mteja wa bure ana desturi ya kupotea. Ukitaka kutoa kitu, toa ya nne: mtu akilipia tatu mfululizo, ya nne nusu bei. Hapo unanunua mazoea, na mazoea ndiyo biashara yenyewe.

Mwambie pia ukweli kuhusu hiyo mara ya kwanza. Majani marefu hayapaswi kupunguzwa zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, la sivyo unabaki na mabua meupe ya chini ambayo hayajawahi kuona jua, na bustani inaonekana imeungua kwa wiki kadhaa. Basi pangeni kukata mara mbili, juu kwanza, kisha chini baada ya wiki moja au mbili. Ukilisema hilo kabla, wewe ni mtaalamu. Ukilisema baada ya mteja kulalamika, unajitetea.

Na kioo. Waya wa nailoni wa mashine ya kufyekea unarusha kokoto kama manati. Watengenezaji wa mashine hizi hutaka watu wakae mita 15 mbali. Okota mawe kwanza, sogeza magari, simamisha kipande cha mbao laini kati yako na dirisha. Kioo kimoja cha gari kinagharimu kuliko vipeperushi vya mwaka, na habari yake inafika nyumba zilezile kumi ulizozitembelea. Vilevile usiwashe mashine karibu na msikiti Ijumaa adhuhuri, wala karibu na kanisa Jumapili asubuhi, wala kwenye mtaa wenye msiba.

Kuhusu daftari, ni safu nne tu: tarehe, mtaa, alikupata wapi, kazi ilifanyika au la. Swali la "ulitupata wapi?" liulizwe kila simu. Baada ya miezi mitatu utaona mlango mmoja unaleta wengi na mwingine umekula karatasi bure. Funga huo wa pili, hata kama ulikuwa unaupenda.

Kalenda ya Dar inakuambia ni lini uongeze nguvu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Vipeperushi vingi vitoke wiki mbili za mwisho za Februari na za mwisho za Septemba, kabla majani hayajapanda na kabla kila mwenye slasha hajajaa mtaani. Wiki mbili kabla ya Idi na Krismasi watu husafisha nyumba kwa ajili ya wageni. Katikati ya kiangazi ukoka unalala, simu zinapungua. Hapo uza kupogoa michongoma, kumwaga samadi na kupanda ukoka mpya kwenye mapengo, na piga simu za wateja wa zamani. Ujumbe wa mwisho wa Februari usizidi mistari mitatu: "Shikamoo Mzee. Mvua za masika zinakaribia, tunapanga ratiba ya mtaa wenu. Tukuwekee Jumanne au Alhamisi?" Mpe siku mbili za kuchagua, ukimuuliza kama anataka kukatiwa, atajibu "nitakucheki".